Taa ya Barazani kwa Bi Mkunga

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili mke wangu amelinunua kwa kazi moja tu: niandike saa ambazo mashine ya Mama imefanya kazi na saa ambazo umeme umekatika. Daktari anataka kuziona. Mama ni mama mkwe wangu. Mapafu yake yamechoka, na tangu mwaka jana anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda chake. Umeme ukikatika upo mtungi mdogo wa akiba, unaotosha saa mbili, au tatu kama Mama hatazungumza sana. Basi hesabu saa mbili.

Mimi ni msahihishaji wa miswada. Wachapishaji wananiletea kurasa, nakaa nyumbani natafuta makosa ya watu, na nayapata. Mke wangu ni mkaguzi wa mizani, na wiki ijayo anaondoka kwa wiki tatu kwenda kupima mizani ya maghala. Tutabaki mimi, Mama na mashine.

Mvua imeanza leo. Umeme umekatika mara mbili, nusu saa na dakika arobaini.

Alhamisi, 6 Machi

Umekatika saa nne, umerudi saa tano na robo. Mama anasema anayekonda ni mimi, si yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Tumenunua jenereta. Mke wangu ameliweka mwisho wa ua, chini ya kibanda cha bati, mbali na madirisha yote. Nilipendekeza liwe kwenye baraza ya jikoni lisilowe, akaniangalia kama mzani uliochezewa. Moshi wake, alisema, una sumu isiyo na harufu. Unalala vizuri na huamki. Nikafyata mkia.

Lilipowashwa Mama alichungulia dirishani na kulipa jina hapo hapo. Tutaliita Shemeji, kwa sababu linakula kwetu, linapiga kelele siku nzima, na hatuwezi kulifukuza.

Kisha likaja somo, na hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Muuza vifaa vya umeme amemtengenezea mke wangu waya mrefu wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja unaingia kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukuta ya sebuleni, na umeme unaingia nyumba nzima kinyumenyume. Nilimuuliza inawezekanaje kitu kiingie kwa mlango wake wa kutokea. Akasema waya ni waya, haujui mbele wala nyuma.

Kabla ya yote lazima kuzima meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba. Meni yetu ina kisa chake. Aliyejenga nyumba hii aliifunga kichwa chini, kwa hiyo kwetu ukiishusha inawaka, ukiipandisha inazima. Miaka kumi na sita tumeishi hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kuandika popote, maana nani asiyejua? Basi wimbo wangu ni huu: meni juu, chomeka, washa. Kuzima: zima, chomoa, meni chini. Na nisichomoe kamwe jenereta likiwa linawaka, kwa sababu vile vyuma vya plagi vinakuwa umeme mtupu mkononi mwangu. Mke wangu alinikaririsha mpaka Mama akaujua kabla yangu.

Nilimuuliza nikisahau meni itakuwaje.

"Umeme wetu utatoka nje, uende mtaani."

Nilicheka. Nilikuwa nadhani umeme ni kama maji ya bomba, shirika la umeme linasukuma na sisi tunapokea. Hakucheka mwenzangu.

Swali langu la mwisho lilikuwa la maana, hata yeye alikubali. Meni ikiwa imezimwa, tutajuaje umeme wa shirika umerudi? Jibu liko ng'ambo ya kichochoro, kwa Bi Mkunga. Huyu bibi alikuwa mkunga miaka thelathini, na taa ya baraza yake haizimwi mchana wala usiku, ili mwenye uchungu auone mlango. Amestaafu zamani, hakuna anayekwenda kujifungua kwake, lakini taa hajaizima. Ikiwaka, umeme umerudi. Ikiwa imezimika, endelea na Shemeji.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi. Mlangoni aliniambia, "Nakuachia mama yangu." Hakuongeza neno. Ningependa angeongeza, hata la matusi.

Alhamisi, 13 Machi

Umekatika saa mbili na nusu asubuhi. Meni juu, chomeka, washa. Kamba ya kuvutia iliniponyoka mara mbili, kisha Shemeji akaitika. Mashine ya Mama ikanguruma. Saa tisa taa ya Bi Mkunga ikawaka. Zima, chomoa, meni chini. Nimejiona mwanamume kati ya wanaume. Mama amesema hata jogoo huona hivyo jua likichomoza.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu hadi saa sita. Hakuna la kusema.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya upepo. Kasha la meni limeingia maji, linanuka plastiki iliyoungua. Sijaligusa.

Jumatano, 19 Machi

Bi Mkunga amenitafutia fundi. Jina lake la mtaani ni Sawasawa, kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Alifika nikiwa na sura ya tisa ya kitabu cha ufugaji nyuki, mwandishi amemfanya malkia afe mara mbili, na mchapishaji anaitaka kesho. Mama alikuwa kwenye mtungi kwa saa nzima, maana fundi alikata umeme kule kwenye mita, na nilikuwa nakwenda mbio kati ya chumba chake na meza yangu. Sikusimama kumwangalia fundi.

Alipomaliza alinifuata mezani akifunga bisibisi zake. Ile swichi ya zamani imeoza, amefunga mpya, na ameifunga inavyotakiwa, sawa? Nikamwambia sawa. Nikamshukuru sana. Umeme ulikuwa unawaka, kasha limefunikwa vizuri, harufu hakuna. Ningeuliza nini?

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tatu umeme haujakatika. Mama anasema wamemwogopa Shemeji.

Jumatatu, 24 Machi

Upo. Mvua ipo pia. Nyuki wamekwisha.

Alhamisi, 27 Machi

Sielewi kilichotokea leo. Nakiandika kama kilivyokuwa, labda kesho kitaeleweka.

Upepo ulianza alfajiri. Saa moja na nusu tulisikia mti ukianguka kwenye kona, ule mkubwa ulioinamia nyaya, na umeme ukaenda nao. Nikamweka Mama kwenye mtungi, nikaenda kwenye kasha kupandisha meni. Nikakuta iko juu tayari.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Nilimuuliza Mama kama aliigusa. Akaniuliza ataigusaje, yeye ambaye akitembea hatua kumi inabidi akae? Kisha akaniuliza, kwa upole ulioniudhi kuliko kejeli zake, kama sikuipandisha mwenyewe nikasahau. Nikasema labda. Siku hizi nasahau mpaka miwani niliyoivaa. Basi meni juu, nikachomeka, nikawasha. Mashine ikanguruma.

Nikatazama nje, taa ya Bi Mkunga inawaka.

Nilifurahi. Umerudi upesi namna hii? Nikazima Shemeji, nikachomoa, nikashusha meni. Nyumba kimya. Nikatazama nje, taa ya Bi Mkunga imezimika. Umekatika tena. Mama huyu hapa kwenye mtungi. Meni juu, chomeka, washa. Sijafika chumbani, taa ya Bi Mkunga hiyo imewaka. Nikangoja dakika tano nione kama wanatania. Ikaendelea kuwaka. Zima, chomoa, meni chini. Kiza. Taa yake kiza.

Nimefanya hivyo mara tatu. Nikiwasha, umeme wa shirika unarudi. Nikizima, unakatika. Nilijiona kama mtu anayezungushwa na mtoto mtundu nyuma ya mlango. Mara ya tatu Mama, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa hizo pandashuka, aliniita akanishika mkono.

"Mwanangu, mtungi unakwisha. Hao watu wa shirika waache na michezo yao. Washa Shemeji, usiguse tena."

Nikapandisha meni, nikachomeka, nikawasha, nikaacha. Mtungi umebaki robo. Taa ya Bi Mkunga imewaka mchana kutwa, nami nimeitazama mchana kutwa nikiwa na hasira nayo.

Ijumaa, 28 Machi

Bi Mkunga amekuja na mwavuli kumjulia hali Mama. Na yeye haelewi. Kwake umeme jana ulikuja na kuondoka, ukaja na kuondoka, kisha ukatulia, lakini ni umeme mwepesi kama chai ya mara ya pili. Pasi haishiki moto. Toka pale kwenye kona mti ulipokata nyaya hakuna nyumba nyingine yenye umeme, ni yeye tu. Nikamwambia labda shirika linajaribu laini. Akasema ndiyo, labda linajaribu laini. Tulikubaliana kama wajinga wawili waliokutana njia panda.

Nilifikiri kurudi kwenye umeme wa shirika, kwa vile upo. Lakini umeme unaokuja na kuondoka siwezi kumwekea Mama. Nimebaki na Shemeji.

Mtu wa mtungi ameleta mwingine mzima. Nimelala mchana saa moja, nikaota nasahihisha kitabu ambacho kila ninapofuta neno linatokea ukurasa mwingine.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tatu asubuhi nilizima Shemeji ili apoe nimwongeze petroli, maana mke wangu aliniapisha nisimimine likiwa la moto. Mama alikuwa kwenye mtungi. Nilitoka getini kunyoosha mgongo, nikamwona Ngazi akija na mwenzake.

Ngazi ni fundi wa laini wa shirika, kijana mrefu mwenye miguu isiyokwisha, na mtaa mzima unamjua kwa jina hilo. Kila nguzo iliyoanguka huku ameisimamisha yeye. Tulisalimiana. Alikwenda kwenye kona, akanyanyua fimbo yake ndefu ya kupimia hadi kwenye waya, akaisikiliza, akanipungia mkono.

"Imekufa kabisa, kaka. Nipe saa moja tu."

Nikashangaa. Imekufa kabisa? Na umeme aliokuwa nao Bi Mkunga jana na juzi? Nikageuka kutazama taa yake. Ilikuwa imezimika. Nilifungua mdomo nimuulize Ngazi, swali lilikuwa hapa, mwisho wa ulimi. Mama akakohoa, kile kikohozi kirefu, nami nikarudi ndani mbio. Sikuuliza.

Nilimpa maji. Nikamimina petroli. Nikavuta kamba, Shemeji akaitika. Nikatazama ng'ambo, taa ya Bi Mkunga ikawaka pale pale.

Na mimi nikasema kwa sauti, peke yangu uani, "Hodari, Ngazi." Naliandika neno hilo kwa sababu nililisema. Nilichukua mwavuli nikatoka kwenda kumpongeza.

Alikuwa ananing'inia kwa mkanda wake juu ya nguzo, kichwa kimeangukia kifuani, mkono wa kulia umeganda kwenye waya. Mwenzake alikuwa chini anapiga kelele kwenye simu, anawatukana watu wa kituoni, anauliza nani kawasha laini, nani kawasha. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuelewa jambo kwa miguu kabla ya kichwa. Miguu yangu ilikuwa tayari inarudi nyumbani. Nilifika kwa Shemeji nikazima, nikageuka, na taa ya Bi Mkunga ilikuwa imezimika kwa mkono wangu. Umeme wetu umetoka nje, umekwenda mtaani.

Niliporudi kwenye kona mwenzake alikuwa anamshusha, nikamsaidia kumpokea. Alikuwa mzito sana. Hapumui. Bi Mkunga alikuja bila viatu, akatusukuma wote, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili na kumpulizia mdomoni, akihesabu kwa sauti kama alivyokuwa akiwahesabia wanaojifungua. Sijui ni muda gani. Kisha Ngazi alivuta pumzi moja mbaya, yenye mlio, halafu nyingine.

"Oksijeni," akasema Bi Mkunga bila kunitazama. "Lete ya mama mkwe wako."

Nilikimbia. Chumbani nilisimama mbele ya Mama. Umeme hakuna, Shemeji nimemzima, mtungi ni huo mmoja, na mwenyewe anao puani. Nilisema tu kwamba Ngazi kapigwa na umeme, ni sisi, Mama, ni sisi. Alinitazama kidogo. Akautoa mpira puani kwa mikono yake, akanisukumia mtungi kwa mguu.

Nilipeleka. Niliporudi Mama alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anavuta hewa kwa shingo. Nikakimbilia waya ule wenye plagi mbili, akanizuia kwa kidole. Alisema maneno machache machache, akipumzika katikati: mashine si ina plagi yake? Shemeji si ana tundu zake? Kwa nini zipitie ukutani?

Kwa nini? Sikuwahi kujiuliza. Nilichukua ekstensheni ndefu ya cherehani ya mke wangu, nikaipitisha dirishani, mwisho mmoja kwenye jenereta, mwisho wa pili kwenye mashine, bila kugusa soketi hata moja ya nyumba. Nikawasha. Mashine ikanguruma. Taa ya Bi Mkunga haikuwaka. Ilichukua dakika nne. Tungeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Gari la hospitali limemchukua Ngazi saa tano kasorobo. Anapumua. Nimeuchomoa waya wa plagi mbili na kuufungia kabatini.

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu amerudi usiku wa kuamkia leo. Nilimweleza. Akasema haiwezekani, kama meni ilikuwa juu umeme usingetoka. Nikaapa ilikuwa juu. Akaenda kufungua lile kasha, akawasha tochi, akasoma maandishi yaliyo kwenye swichi mpya. Akaniita. Juu ndiyo kuwaka. Chini ndiyo kuzima. Kama nyumba za watu wengine wote.

Alimpigia Sawasawa. Fundi akashangaa kuulizwa. Ile ya zamani ilikuwa kichwa chini, yeye ameifunga inavyotakiwa, na mwenye nyumba alimwambia sawa, sawa?

Alikuwa na haki. Nilimwambia sawa.

Jumanne, 1 Aprili

Ngazi yuko hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa. Habari hizi nimezipata dukani, na pamoja nazo nimepata jambo ambalo silielewi kabisa: mtaa unanisifu. Mimi ndiye niliyewahi kufika, mimi ndiye niliyetoa mtungi wa mgonjwa wangu. Mwenye duka hakutaka pesa ya mkate. Inasemekana kuna mtu kituoni aliwasha laini kwa makosa, shirika linachunguza.

Nilisimama na mkate mkononi nikasema asante. Nimejichukia mpaka nyumbani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mimi na mke wangu hatujaelewana siku tatu. Nani amemuunguza Ngazi? Yeye anasema ni yeye, kwa sababu waya ni wake. Mimi nasema ni mimi, kwa sababu mkono ni wangu. Kuna wakati tunasema ni Sawasawa, kisha tunaona aibu. Aliyejenga nyumba ameshakufa, naye tulimtaja.

Lakini ninapotaka kwenda kusema, ananishika shati. Shirika likijua, litatukatia umeme, labda kwa miezi. Mama je? Ni mama yake. Niliyeachiwa mlangoni ni yeye, na nimemlinda, na bei yake kailipa mtu mwingine.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Mashine saa ishirini na nne.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekuja fundi mwingine, mama mmoja mwenye leseni kutoka mjini, ambaye mke wangu amemtafuta mwenyewe. Alipoonyeshwa waya wa plagi mbili aliushika kwa ncha za vidole kama nyoka. Akatufungia swichi ya kubadilishia, wenyewe wanaiita chenjiova: mpini mmoja, upande huu shirika, upande huu jenereta, na haiwezekani ziungane hata akiushika mlevi. Nilimuuliza, na mtu akisahau? Akasema ndiyo maana imetengenezwa, kwa ajili ya watu wanaosahau. Alituandikia pande zote mbili kwa herufi kubwa.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka kitandani. Fundi alipoondoka alituita wote wawili.

"Nyinyi mnanificha nyuma ya mgongo wangu. Mnasema hamwendi kwa ajili yangu. Mimi sijawatuma."

Mke wangu alianza kulia. Hakunishika shati tena.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikwenda leo saa nne, na ule waya ndani ya mfuko wa karatasi.

Ngazi anakaa kwa mama yake, vyumba viwili nyuma ya karakana ya maseremala. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanifutia kiti, akaniita mwokozi wa mwanawe, akaenda kunipikia chai. Ngazi alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa hadi kiwiko, miguu yake imejaa chumba. Tuliulizana hali. Nikamwambia mvua imepungua. Akasema ndiyo, imepungua.

Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyasahihisha njia nzima. Yalipotea yote. Nikatoa waya nikauweka mbele yake.

"Umeme uliokuunguza ulitoka kwangu. Si kituoni. Ulitoka nyumbani kwangu."

Aliuchukua kwa mkono wa kushoto, akautazama upande mmoja, akautazama upande wa pili. Hakuonekana kushangaa. Nilimweleza yote, meni, fundi, taa ya Bi Mkunga, hata lile neno la hodari. Nilimweleza na swali ambalo sikumuuliza pale getini. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Nililisikia jenereta lako likizima," akasema. "Nilikuwa juu siwezi hata kufumba jicho. Likazima, na mkono ukaachia. Nimelala hospitali siku nane najiuliza kama utakuja."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wakubwa zake. Akasema aliwaambia jana. Aliwaambia ulitoka upande wa nyumba, lakini nyumba hakuitaja. Aliwaomba wangoje hadi Ijumaa. Alitaka kujua mtaa ule anawapandia nguzo watu wa namna gani.

"Nitakwenda kwao leo hii," nikasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Tukasikia vikombe vikija. Akausukuma waya kuelekea kwangu kwa mguu.

"Bado," akasema. "Sijakusamehe. Usiniharakishe."

Mama yake aliingia na chai. Niliinywa, ikaniunguza ulimi, sikuthubutu kuipuliza. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja ofisi ya shirika, nikaandika maelezo kurasa mbili, nikaacha waya kwenye meza yao. Mkubwa wao aliniuliza ni nani aliyenituma. Kuhusu kutukatia umeme watatujulisha. Aliandika pembeni kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa oksijeni, lakini hakuahidi kitu.

Nyumbani Mama alikuwa ameketi kitandani ananingoja, mpira puani, kanga mabegani. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Kasemaje?" akauliza Mama.

"Kasema hajanisamehe."

Uso wa Mama ukalegea, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Basi atapona," akasema. "Wanaokufa husamehe upesi."

Sijui kama nimefarijiwa au nimehukumiwa. Nimekaa na daftari hili tangu alasiri nikijaribu kuamua. Mashine inanguruma, nje pamekauka, na kesho nitarudi kwa Ngazi, kama atakubali kunifungulia.